Tufani wa Al Rigga

Saa kumi alfajiri Al Rigga ina uso ambao mgeni hauoni. Mikahawa iliyojaa hadi usiku wa manane imepandisha viti juu ya meza. Nje ya hoteli moja basi linawangoja wahudumu wa ndege, nao wanaburuta masanduku yao kimyakimya. Nyuma ya majengo, maji ya viyoyozi yanadondoka kwenye vichochoro, paka wanakagua mapipa, na harufu ya nyama ya jana bado imening'inia. Niliishi hapa miaka sita bila kuijua saa hii. Aliyenitoa kitandani ni mbwa.

Anaitwa Tufani. Ni mchanganyiko wa saluki, mbwa wa kuwinda wa Waarabu, na kitu kingine tusichokijua. Alikuwa na miezi kumi na mmoja alipoletwa kwetu mwezi wa Juni na mtu aliyefanya kazi na mume wangu. Alikuwa anahamia Ulaya, akatuomba tumhifadhi wiki mbili tu. Wiki mbili zikaisha, na simu zetu hazikupokelewa tena. Kiangazi hapa ni msimu wa kuhama, na wanyama wengi huachwa nyuma namna hii.

Wiki ya kwanza alitafuna mguu wa sofa, rimoti ya AC, ndara tano (kila jozi alikula moja, akaacha nyingine), na fremu ya mlango hadi usawa wa kiuno changu. Wiki ya pili aliufikia mkeka wa ukindu ambao mama aliusuka mwenyewe Mombasa na kunipa nilipoolewa. Hapo nililia. Siku mbili baadaye mlinzi wa jengo, ambaye hapa sote humwita natur, akaja na ujumbe kwamba majirani wamelalamikia kubweka, na mwenye jengo anasema kelele zikiendelea mkataba wetu hautafanywa upya mwezi wa Oktoba. Fleti kama ile, kwa kodi ile, hatua chache kutoka metro, tusingeipata tena. Mume wangu alisema mbwa aende. Mwanangu wa miaka kumi na miwili hakusema kitu, akaacha kula.

Tukakubaliana tumpe mbwa hadi mwisho wa Septemba.

Mtaa wetu haukujengwa kwa ajili ya mbwa. Kituo cha Al Rigga ni kati ya vile kumi vya kwanza vya metro, vilivyofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, lakini mbwa haruhusiwi kupanda treni isipokuwa anayemwongoza kipofu. Manispaa inataka mbwa asajiliwe kila mwaka, achanjwe kichaa cha mbwa na awekwe chipu chini ya ngozi. Sheria ya nchi ya mwaka 2016 inataka awe na kamba kila atokapo, na faini ya kumwachia inaanzia dirhamu 10,000. Halafu kuna joto. Mwezi wa Julai, weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami saa tatu asubuhi. Ukishindwa kuhesabu hadi saba, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Kwa hiyo tulibaki na alfajiri, vichochoro, na viwanja vya mchanga ambako watu huegesha magari.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani dawa ni kumchosha. Mwanangu alikimbia naye kila alfajiri, kamba mkononi, kuzunguka majengo hadi jasho likamwingia machoni. Baada ya wiki tatu tulikuwa na mbwa mwenye pumzi ya mwanariadha, anayekimbia saa nzima kisha anarudi kula mlango. Saluki alizalishwa kumfukuza paa jangwani. Mtoto wa darasa la saba atamchosha vipi?

Kilichosaidia kilikuwa pua. Tuliacha kumpa chakula kwenye bakuli. Tulikificha ndani ya maboksi yaliyokunjwa, tukakiviringisha kwenye taulo kuukuu, tukakigandisha friza ndani ya mpira wenye tundu. Njiani nikaacha kumvuta. Akitaka kunusa ukuta mmoja nyuma ya jiko la mkahawa kwa dakika tano, nasimama. Dakika ishirini za kunusa zilimlaza kuliko saa nzima ya mbio.

Kisha ikaja kazi ngumu zaidi, kumfundisha kutofanya lolote. Jioni, jua likishapoa, tulikaa kwenye ukingo mbali na mlango wa metro, ng'ambo ya barabara. Watu wanatoka humo kama maji ya bomba lililopasuka, na pikipiki za chakula zinapita zikilia. Sikumwamrisha. Kila aliposhusha mabega alipata kipande cha kuku. Siku ya kwanza tuliweza dakika mbili. Mwezi wa Agosti ulipoisha, alikuwa analala ubavu huku nikinywa karak.

Kubweka kulitokana na kuachwa. Nilitoka nje ya mlango, nikahesabu hadi thelathini, nikarudi kabla hajalia. Kesho dakika mbili, keshokutwa tano. Ilituchukua wiki tano kufika saa mbili. Katika kipindi hicho hakubaki peke yake hata siku moja. Mwanafunzi wa Tanga anayeishi ghorofa ya juu alikuja kusomea kwetu, nasi tukamlipa kwa pilau. Mume wangu naye aliacha kumwonyesha ndara iliyoliwa na kumfokea. Masikio yalikuwa yanashuka na sisi tukidhani anajuta, kumbe anaogopa sauti tu. La saa moja iliyopita hakumbuki kwamba ni lake.

Najua swali la wengi wenu, maana ni la mama yangu. Sisi wa pwani ni wafuasi wa Imam Shafi, na tumelelewa tukijua mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wenyeji wa Dubai kwa asili ni wa madhehebu ya Maliki, ambayo humhesabu mbwa kuwa tohara. Sikubadili madhehebu kwa sababu ya saluki. Chumba cha kuswalia haingii, vyombo vyake viko kando, na alfajiri nikiona wanaume wanaelekea msikitini navuka barabara mapema, wasije wakalazimika kuvuka wao.

Mkataba ulifanywa upya Oktoba. Natur alipanda kuangalia fremu ya mlango, akatutoza ya fundi, na Tufani hakuinuka kwenye tandiko lake.

Mama anakuja Desemba. Nimemweleza yote, pamoja na mkeka. Alinyamaza, kisha akauliza kama nusu iliyobaki bado ninayo, kwa sababu ukindu anaweza kuja nao.