GEUZA KOFIA NDANI, UTAMJUA ALIYEISHONA

Leo nataka tuzungumze habari za kichwa. Siyo akili, maana akili kila mtu anajiona anayo ya kutosha na ya kuazimisha. Nazungumzia kile kinachokaa juu ya kichwa cha mwanamume wa pwani: kofia.

Hapa kwetu Pemba mwanamume anaweza kutoka bila saa, bila simu, hata na makobazi yaliyokatika ukanda. Lakini Ijumaa akionekana msikitini kichwa kitupu, watu watauliza kama nyumbani kwake kuna salama. Na wakati wa Idi ndio usiseme. Vijana wa Wete na Chake Chake wanashindana kwa kofia kama wenzao wa bara wanavyoshindana kwa raba. Barazani utawasikia: "Yangu ya mkono hii bwana!" Mwenziwe anajibu: "Yangu imetoka Maskati!" Basi hapo kelele mpaka adhana.

Mie mtoto wa kike, kofia sivai. Ila nimelelewa na kofia. Mama yangu anashona, na bibi yangu alishona mpaka macho yakagoma. Sare zangu, daftari zangu na pesa za tuisheni mpaka namaliza kidato cha nne zilipita kwenye tundu la sindano. Ndiyo maana kaka zangu wanapobishana kofia ya nani kali, huwa nacheka kimoyomoyo. Wote wanatazama nje. Kofia haitazamwi nje.

TUANZE NA TARBUSHI

Kabla ya kuingia kwenye kofia zetu, tuwape wazee haki yao. Ukitazama picha za zamani za taarabu ya Unguja, au za askari wa King's African Rifles, utaiona tarbushi: kofia ndefu ya duara, mara nyingi nyekundu, na shada jeusi linaning'inia. Ile haikushonwa kwa kitambaa cha kawaida. Ni sufu ya kondoo iliyopigwa na kugandamizwa kwa maji moto mpaka nyuzi zikashikana zikawa kitu kimoja kama ngozi.

Mabingwa wa zamani wa kofia za namna hiyo walikuwa watu wa Tunis. Kofia yao fupi wanaiita shashia. Wanawake hufuma kwa mkono kofia nyeupe kubwa kuliko kichwa, kisha hufuliwa kwa maji moto na sabuni na kupigwa mpaka ikasinyaa. Baadaye huchanwa, hutiwa rangi na kuvishwa kwenye kalibu ipate umbo. Kofia moja inapita mikono ya watu wengi.

Sasa mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa Dola ya Uthmaniya akaamuru watumishi wake wavae tarbushi. Biashara ikanoga, na Wazungu wakainusa. Huko Bohemia, wakati ule chini ya utawala wa Austria na leo Jamhuri ya Czech, mji wa Strakonice ukajaa viwanda vya kutengeneza tarbushi. Fikiria, watu ambao hata hawaivai ndio wakawa wanamvisha Mwislamu wa Istanbul na Cairo! Zao zilikuwa za mashine, zimelingana rangi na umbo, na bei yake iliwavunja mgongo mafundi wa Tunis.

Mwisho wake? Mwaka 1908 Austria ilipoitwaa Bosnia, watu wa Dola ya Uthmaniya walisusia bidhaa zake, na tarbushi zikavuliwa. Mwaka 1925 Uturuki ikaipiga marufuku kabisa. Misri nayo ikaiacha baada ya mapinduzi ya 1952. Lakini nenda Tunis leo, soko la mafundi wa shashia bado lipo, na mkono bado unafanya kazi. Weka jambo hilo akilini, nitalirudia.

Babu mzaa mama alituachia tarbushi moja kwenye sanduku. Haina jina la kusomeka, kwa hiyo kiwanda chake siwezi kukutajia. Lakini ukiibonyeza inarudi yenyewe, ukipitisha kidole huoni nyuzi wala mshono, na ndani ina bitana la majani ya kusuka ili kichwa kipate hewa. Ukiishika tu unajua hii haikufanywa na mtu mwenye haraka.

KOFIA NNE JUU YA MKEKA

Haya, sasa za kwetu. Mjomba mmoja aliporudi kutoka Oman kutembea, alileta kofia mbili za zawadi. Mchana wake mie nikapata wazo. Nikatandika mkeka uani, nikapanga kofia nne: moja ya bibi ya zamani, moja ya mama ya mwaka huu, moja ya mashine niliyoinunua dukani, na moja kati ya zile za mjomba. Nikamwita mama awe hakimu.

Kwa asiyejua, kofia ya viua ina vipande viwili tu: duara la utosini na ukanda wa pembeni. Kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cheupe cha pamba. Unachora viua vyako, unashona kufuata mchoro mpaka tabaka mbili zinakuwa moja, kisha unatoboa vitundu na kila kitundu unakizungushia uzi kisifumuke. Vile vitundu si urembo mtupu, ndiyo madirisha ya kofia. Bila hivyo, kwa joto la huku, utosi ungeiva kama muhogo.

Mama kaanza na ile ya mashine. Hakuivaa mtu, hakuitazama viua. Kaigeuza tu ndani. Nyuma yake nyuzi zimelala mbio mbio, moja inaruka kutoka ua hili kwenda ua lile, na ugumu wake umetokana na kitambaa kigumu kilichobandikwa. "Hii ifue mara tatu," kasema, "halafu niambie kama bado ni kofia." Lakini hakuidharau. Kasema kwa mtoto wa chuoni anayekalia kofia yake na kuipiga teke kama mpira, hiyo ndiyo yake. Maneno ya haki kabisa. Si kila kichwa kina haja ya kofia ya miezi miwili.

Kisha kaishika yake mwenyewe. Hapo nikampa mtihani, aseme ukweli kati ya hiyo na ya bibi. Kanyamaza kidogo. Ya bibi ina vitundu vidogo kama mbegu za mchicha, vyote sawa, na nyuma ni kama mbele, huoni fundo lilikofichwa. Imefuliwa miaka na miaka na haijalegea, kwa sababu ugumu wake umo kwenye mishono iliyobanana, si kwenye kanji. Na pale ukanda unapokutana mwisho na mwanzo, ua halikatiki. Kwa mama, ua limekatika nusu. "Bibi yako alikuwa anahesabu kabla hajachora," kasema. "Mie nachora halafu naomba Mungu." Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Ikabaki ya Maskati. Waomani wanaiita kumma, na wengi wao wenyewe husema asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Mie nilidhani itakuwa ya mashine. Mama kaigeuza, kaisogeza kwenye mwanga, kaitazama kwa muda mrefu kuliko zote. "Hii ya mkono," kasema. "Na fundi huyu anajua." Ni kweli, maana kofia nyingi za mkono zinazouzwa Oman siku hizi zinashonwa na wanawake wa vijijini Bangladesh, kisha zinasafirishwa. Mama hajui Bangladesh iko wapi. Lakini kaweka kidole upande mmoja wa ukanda, akaniambia: "Hapa kashona usiku. Tazama mishono ilivyotembea. Taa ilikuwa ndogo." Kisha kasema neno ambalo mpaka leo halijanitoka: "Na huyu mwenzangu naye hawakumlipa."

BEI YA SINDANO

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Kofia nzuri ya mkono inachukua mwezi, na ikiwa imejaa viua inapita mwezi, kwa mwanamke anayeshona baada ya kupika, kufua na kulaza watoto. Anakuja mchuuzi, anazichukua tano sita, na bei ni moja kwa zote. Ya vitundu vya mbegu za mchicha na ya vitundu vya punje za mahindi, zote ni kofia kwake. Zikivuka bahari kwenda Unguja, au zikipanda ndege kwenda Maskati, ndipo zinapopata bei tofauti. Lakini tofauti ile hairudi Pemba.

Siku moja mama alijaribu kugawa pesa ya kofia moja kwa siku alizoishona. Akafika nusu ya hesabu akaacha. Akasema bora asijue.

Sasa niambie, kama ushonaji wa makini na ushonaji wa haraka unalipwa sawasawa, nani atahesabu kabla ya kuchora? Ndiyo maana kofia ya bibi haina mwenziwe leo. Si kwamba vidole vya siku hizi ni vizito. Vidole vinafuata mfuko. Mnaolalamika barazani kwamba kofia za siku hizi si kama za zamani, mjue mafundi nao wanalalamika kwamba wanunuzi wa siku hizi si kama wa zamani.

Na hapo ndipo tarbushi inaporudi. Mashine haikumuua fundi wa Tunis. Ilimnyang'anya soko, lakini aliyebaki akabaki kwa sababu wapo watu waliojua kutofautisha na wakakubali kulipa tofauti hiyo. Basi na sie tujifunze kutofautisha.

Ukienda kununua, usione haya, fanya hivi. Igeuze ndani kabla ya kuivaa. Inyanyue kwenye mwanga uone kama vitundu vimelingana na kingo zake hazina manyoya. Ibonyeze, uhisi kama ugumu ni wa uzi au wa kanji. Tafuta pale ukanda unapoungana, utazame ua limekutana au limekatika. Baada ya hapo muulize muuzaji swali moja: nani kaishona? Kama hajui, basi bei anayokutajia ni yake, si ya fundi.

Bora zaidi, mwendee fundi mwenyewe. Kila mtaa wa Pemba una mama anayejulikana kwa sindano yake. Agiza mapema, siyo Ramadhani kumi na tano halafu unataka kofia ya Idi. Tanguliza nusu ya pesa, mpe kipimo cha kichwa chako cha kweli, na ukiikuta nzuri usianze kuombea kupunguziwa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Na kofia ni hivyo hivyo.

Ile ya bibi mjomba aliitaka akarudi nayo Oman, akataja bei ya kutisha. Mama kamwambia haiuzwi, ila atamshonea nyingine. Safari hii nimemwona anahesabu kabla ya kuchora, kwa sababu mjomba kalipa kwanza.

Haya, Ijumaa njema. Na wewe kaka unayesoma huku umevaa, hebu ivue uigeuze.