Kutoka Maneromango Kuifuata Sauti ya Zawose

Nimezaliwa na kukulia Maneromango, wilayani Kisarawe, na nimekula chumvi ya kutosha bila kufika Bagamoyo. Mkoa ni mmoja, Pwani, lakini sisi wa Kisarawe macho yetu yako Dar es Salaam: korosho zetu zinakwenda huko, muhogo unakwenda huko, na tukiugua tunapelekwa huko huko. Kilichonigeuza uso kuelekea kaskazini ni sauti ya mtu aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Binamu yangu anayeishi Kibaha alinitumia kwa simu wimbo wa Hukwe Zawose. Nilikuwa nimekaa barazani na shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye kijijini kwetu ndiye anayeongoza nyimbo harusi zinapofika na mwali anapotolewa. Sauti ilianza chini, nzito, ya mtu mzima. Ikapanda, ikapanda tena, mpaka ikawa nyembamba kama ya mwanamke. Shangazi akanishika mkono.

"Hapo wameimba wawili."

"Ni mmoja, shangazi."

Akataka niurudie. Baada ya kuusikiliza tena akaniuliza kwao mtu huyo ni wapi, kama watoto wake nao wanaimba, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Safari yetu ya Bagamoyo, mji alikoishi Zawose, ilianzia kwenye maswali hayo matatu.

Tulitoka alfajiri kwa gari dogo la abiria kupitia Mzenga. Njia ni ya vumbi, mikorosho kushoto na kulia, miembe mikubwa kwenye viwanja vya watu, watoto wa shule wakijitupa pembeni kila gari linapopita. Mzenga tulivuka reli ya TAZARA, ile inayokwenda mpaka Zambia. Nilikuwa naijua kwa kusimuliwa tu, na moyo ulinidunda kuona kumbe inapita kwetu kabisa, katikati ya mashamba. Mlandizi tukatokea kwenye lami ya Barabara ya Morogoro, na kelele za dunia zikatupokea kwa mpigo: malori ya Kongo na Rwanda, mabasi ya bara, wauza mahindi ya kuchoma wakikimbia pembeni mwa madirisha. Shangazi alijifunga kanga vizuri kifuani, akasema hapa mtu ukipoteza mwenzio umempoteza kweli.

Usiku wa kwanza tulilala Kibaha kwa binamu. Kwa sisi tuliotoka vijijini, Kibaha ni mji wa ofisi na shule. Hapa ndipo makao makuu ya mkoa, na hapa ndipo lilipo Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likiwa na shule, kituo cha afya na mafunzo ya kilimo mahali pamoja. Binamu ni mwalimu. Tulipomaliza kula alituambia kwamba kabla ya kumfuata Zawose inafaa tuone wenzetu wa mbali wanaimbaje. Akawasha televisheni, akatuonyesha opera.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Ni mchezo wa kuigiza, una mfalme, una wapenzi, una watu wanaokufa, lakini hakuna anayezungumza: ugomvi unaimbwa, barua inaimbwa, hata anayekata roho anaimba hadi pumzi ya mwisho. Chini ya jukwaa kuna kundi kubwa la wapiga vinanda, zeze na tarumbeta. Kilichotushangaza zaidi ni kuambiwa kwamba mwimbaji hana kipaza sauti. Kifua chake peke yake kinapaswa kuwapita wapigaji wote wale na kumfikia mtu aliyekaa kiti cha mwisho ukumbini. Shangazi, ambaye maisha yake yote ameimba uwanjani mbele ya ngoma zinazounguruma, alisogeza kiti chake karibu. Alikuwa akimtazama mwimbaji tumboni, mahali pumzi inapotoka.

Mwimbaji mwenyewe alikuwa Luciano Pavarotti, Mwitalia aliyefariki mwaka 2007. Binamu akatusimulia kwamba baba yake, Fernando, alikuwa mwoka mikate katika mji wa Modena, naye alikuwa na sauti nzuri ya juu ya kiume. Baba na mwana waliimba kwaya moja. Mwaka 1955 kwaya hiyo ilisafiri hadi Llangollen, nchini Wales, ikashinda mashindano ya kimataifa, na Luciano alisema baadaye kwamba ushindi ule ndio uliomtia moyo wa kuwa mwimbaji.

"Kumbe na Ulaya mtoto hukaa karibu na mzazi akaichukua sauti," shangazi akasema. Akaniambia mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa akimweka mbele yake kwenye ngoma ili asikie zamu yake ya kuitikia inapofika. Sikuwahi kulisikia jambo hilo, ingawa nimekaa naye maisha yangu yote.

Asubuhi tulipita TAMCO na Vikawe hadi Mapinga, tukaingia barabara inayotoka Dar es Salaam. Kerege, Zinga, Kiromo, minazi ikazidi kuwa mingi, na upepo wa bahari ukaanza kuingia dirishani. Bagamoyo yenyewe ilinichanganya. Nyumba za mawe zenye milango ya nakshi zimesimama karibu na vibanda vya bati. Mji ambao Wajerumani waliutumia kama makao yao makuu hadi mwaka 1891 sasa una wavuvi wanaoanika dagaa kwenye mchanga. Na kila kona kuna mtu anayepiga kitu. Kijana anachonga ngoma, mwingine anajaribu filimbi, watoto wanaruka sarakasi ufukweni. Kwetu ngoma hutolewa nje kwa sababu maalumu, mwali au harusi. Hapa wanaipiga Jumanne asubuhi, na hakuna anayeuliza nani anaoa.

Sababu yake ni ya kihistoria. Taifa letu changa lilikuwa na kikundi chake cha ngoma, na kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita aje Dar es Salaam, na hatimaye Bagamoyo ikawa makazi yake, yeye na ukoo wake wa wanamuziki. Ndivyo muziki wa nchi kame ya katikati ulivyoota mizizi kwenye mchanga wa bahari.

Jioni tulikaa ukumbini TaSUBa kutazama maonyesho. Zilipita ngoma kadhaa, na Wagogo walipoingia shangazi akaacha kutafuna kashata yake. Wanawake ndio waliobeba ngoma. Wamezibana katikati ya mapaja, wanapiga kwa viganja huku wakiimba na kuruka, na ngoma haidondoki. Ngoma hiyo wanaiita muheme. Kwetu wanawake hupiga ngoma za unyago ndani, mbele ya wanawake wenzao. Kwenye mdundiko, unaotembea barabarani na kuukusanya mtaa mzima nyuma yake, wapigaji niliowazoea ni wanaume. Shangazi alinong'ona, "Tazama, baba, wanazipiga hadharani na hakuna anayewakataza."

Halafu sauti. Sisi tukiimba, mmoja anatoa wimbo, wote tunaitikia kwa sauti moja. Wagogo wamesimama nusu duara na kila kundi lina njia yake: wa chini wanashikilia neno moja, wa kati wanalizunguka, wa juu wanapita juu ya wote. Nilijaribu kumfuata mmoja nikampoteza, nikamfuata mwingine naye akaniponyoka. Nilipoacha kufuata na kukaa tu, nikausikia wimbo mzima. Nilitoka ukumbini nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia kuipata mbali na kwetu.

Kesho yake tulimpata fundi mmoja kijana, Mgogo aliyezaliwa Bagamoyo, akiwa uani na ilimba magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho alichokuwa akipiga Zawose?"

Akampa akishike. Ni sanduku la mbao, pana kuliko kifua changu, lina vyuma vilivyopangwa safu, virefu na vifupi. Nilihesabu 36. Kijana akatuonyesha kwamba vile vya katikati havipigwi kabisa, huamka vyenyewe jirani zake wanapoguswa. Kwenye ubao kuna matundu madogo yaliyozibwa kwa utando mweupe, mwembamba. Ni utando wa buibui. Alipopiga chuma kimoja kwa kidole gumba, sauti ikatoka safi, na chini yake ukaja mvumo mdogo wa ule utando, kama mzinga uliotundikwa kwenye mkorosho nyuki wakiwa wamerudi jioni. Shangazi alitega sikio kwenye mbao akabaki hapo. Fundi akaimba kidogo, kisha akamwomba shangazi naye aimbe cha kwao. Akaimba wimbo wa mwali, wa Kizaramo, na kijana akautafuta kwenye vyuma mpaka akaupata.

Nilimuuliza ukoo wa Zawose umebakije. Ndipo nikajua jinsi ulivyo mrefu. Hukwe, ambaye sauti yake ilisifiwa kwa kufika oktava tano, alitoa albamu ya *Chibite* mwaka 1996 chini ya Real World, kampuni aliyoiasisi mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel. Mwaka 2002 alikwenda na mpwa wake Charles kwenye ziara ya Gabriel huko Amerika, wakasimama mbele ya maelfu na ilimba zao. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004. Mtu angedhani habari imeishia hapo. Lakini mwana wa Hukwe, Msafiri, alitoa albamu ya *Uhamiaji* mwaka 2017, ilimba ikicheza na mitambo ya kisasa. Kisha binti na mjukuu wa Hukwe, Pendo na Leah, wanawake wa ukoo ambao kwa miaka mingi sehemu yao ilikuwa kuitikia nyuma ya wanaume, wakasimama mbele na mwaka 2024 wakatoa albamu yao, *Maisha*, kwa jina la The Zawose Queens.

Shangazi aliposikia habari za Pendo na Leah alinyamaza muda mrefu, na kwenye gari la kurudi akaanza kuzungumza. Kutoka Bagamoyo hadi Mapinga alinitajia nyimbo: za kumwingiza mwali ndani, za kumtoa, za harusi, za kuvuna. Kibaha binamu akatupokea na simu yenye nafasi kubwa, akazirekodi usiku ule, na nyingine hatukuwa tumewahi kuzisikia hata sisi damu yake. Kutoka Mlandizi hadi Maneromango abiria wenzetu walishika kiitikio.

Niliyoyaona yamenifundisha jambo moja. Sauti ya Hukwe haikuokolewa na albamu peke yake, wala ya Pavarotti haikutengenezwa na ukumbi mkubwa. Kila mmoja alikuwa na nyumba ambamo watoto walikaa karibu na anayeimba, na wakaruhusiwa kuitikia mpaka siku ya kuongoza ilipofika. Nyumba za namna hiyo Kisarawe na Kibaha tunazo, za Wazaramo na za Wakwere. Walimu wa shule zetu, maofisa utamaduni wa wilaya, na sisi wazazi tunaolala usiku na simu mikononi, hatuhitaji fedha za mtu kuanza. Kama kwenu yupo mzee anayeimba, mpelekee mtoto wiki hii, wa kike na wa kiume, na mwache mtoto aitikie.