Kawia Ufike

Wahenga walisema kawia ufike. Methali hii niliiandika ubaoni mara nyingi katika maisha yangu ya ualimu, na mara zote nilidhani naijua maana yake. Aliyenionyesha kwamba siijui ni mwimbaji mmoja Mwingereza ambaye sikupata kuonana naye maishani.

Jina lake ni Anthony Rolfe Johnson. Kwanza niliijua sauti yake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkufunzi mwenzangu wa kujitolea alipokuwa akifungasha kurejea kwao, aliniachia kaseti za kazi ya Johann Sebastian Bach, ile ya Mateso ya Bwana kama alivyoyaandika Mathayo. Ilikuwa imerekodiwa mwaka 1988 chini ya uongozi wa John Eliot Gardiner.

Muziki wa aina hiyo huitwa muziki wa Baroki, yaani ule uliotungwa Ulaya tangu karibu mwaka 1600 hadi karibu 1750. Wanakwaya wetu wanaufahamu pasipo kujua jina lake, maana ile Haleluya ya Handel inayoimbwa makanisani kwetu ni ya zama hizo. Bach na Handel walizaliwa mwaka mmoja, 1685.

Katika Mateso ya Mathayo zimo kwaya mbili na makundi mawili ya wapiga ala, lakini mwenye kuibeba hadithi ni mtu mmoja tu, Mwinjilisti. Bach alimpa sauti ya tatu, ile sauti ya juu ya wanaume ambayo wanakwaya huiita tena. Mwinjilisti husimulia zaidi ya kuimba. Hana kwaya ya kujificha ndani yake. Husindikizwa na kinanda na ala moja mbili za sauti nzito, basi. Kazi nzima hukaribia saa tatu, naye hurudi tena na tena kulichukua neno pale lilipoachwa. Akikaza sauti mno, masimulizi hugeuka majivuno. Akiilegeza mno, msikilizaji husinzia.

Kijerumani sikijui. Nilikaa na Biblia magotini, nikafuata sura ya 26 na ya 27 kwa kidole. Nilipofika pale jogoo anapowika, na Petro anatoka nje kulia kwa uchungu, msimulizi aliyekuwa akienda mbio mbio ghafla alikawia. Bach amelinyosha neno lile la kulia, likapanda na kushuka kama mtu anayejitahidi kuzuia machozi asiweze. Nilirudisha kaseti nyuma mara nyingi jioni ile. Nilidhani nasikiliza ufundi tu.

Miaka mingi ilipita. Juzi juzi mjukuu wangu alinitafutia habari za mwimbaji huyo katika simu yake, akanisomea. Nilimwambia anisomee tena.

Rolfe Johnson alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Tackley, Oxfordshire. Utotoni aliimba vizuri, lakini alipokua alisomea kilimo, akawa msimamizi wa shamba. Kuimba kwake kulikuwa kwa kwaya ya mtaani, kwa kujifurahisha baada ya kazi. Mwanakwaya mwenzake ndiye aliyemhimiza akasomee uimbaji. Alipoingia chuo cha muziki cha Guildhall, London, alikuwa na umri wa miaka 29.

Ndugu msomaji, huo ni umri ambao waimbaji wengine wamekwisha jenga jina. Yeye alianza na mazoezi ya pumzi. Mwaka 1973 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika opera, mchezo ambao wahusika huimba badala ya kusema. Kati ya 1974 na 1976 aliimba Glyndebourne. Aliimba Orfeo wa Claudio Monteverdi, yule mwanamuziki anayeshuka kuzimu kumtafuta mkewe, katika opera ya mwaka 1607. Mwaka 1988 aliimba sehemu ya Jupita katika Semele ya Handel kwenye jumba la opera la kifalme, Covent Garden. Mwaka 1991 alifika Metropolitan, New York, akaimba Idomeneo wa Mozart. Hata hivyo wengi wanamkumbuka hasa kwa kazi ile ya Mwinjilisti. Tangu mwaka 1990 aliongoza mafunzo ya uimbaji katika shule ya Britten-Pears, Suffolk. Aliyeanza kwa kuchelewa akawa mwalimu wa waliowahi.

Sasa nieleze kwa nini habari hii ilininyima usingizi.

Mwaka 1987 nilikuwa mkufunzi wa muziki na makamu wa mkuu katika chuo cha ualimu. Chuo kilikuwa na ng'ombe, kama vyuo vingi vya wakati ule wa Elimu ya Kujitegemea, na mhudumu wa ng'ombe alikuwa kijana wa miaka kama thelathini. Alikuwa na sauti. Alfajiri, wakati wa kukamua, ilifika mpaka mabwenini, nyepesi na safi, tena ya tatu kabisa. Wanachuo waliizoea kama kengele.

Siku moja alinisubiri nje ya ofisi, kofia mkononi. Akasema, "Samahani, Mkufunzi. Naomba niwe nakaa nyuma darasani jioni, nijifunze kusoma nota. Sitamsumbua mtu."

Nikamjibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma leo. Nilimwambia muziki hutaka kuanzwa mapema, kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba yeye ana mke na watoto wa kutunza. "Umeshachelewa, ndugu yangu." Akajibu, "Sawa, Mkufunzi. Asante." Akaenda zake. Darasa langu lilikuwa na viti vitupu visivyopungua kumi.

Sikumbuki ni lini hasa sauti ya alfajiri ilinyamaza. Mwalimu hugundua kelele upesi. Ukimya humchukua muda mrefu. Baadaye yule bwana aliacha kazi, akarudi kwao.

Mwaka 2004, nikiwa mkuu wa chuo kile kile, nilipokea wanachuo wapya. Katika orodha niliona jina la ukoo ninalolijua. Nikamwita kijana, nikamwuliza habari za baba yake. Alikuwa mzima. Nikauliza, "Bado anaimba?"

Kijana alinitazama kwa mshangao. "Baba? Hapana, Mkuu. Sijapata kumsikia baba akiimba."

Sikudai, wala sidai, kwamba yule bwana angefika Covent Garden. Huenda angejua nota, akaongoza kwaya ya usharika wake, basi. Lakini hata hilo halikuwa langu kumnyima. Methali ya samaki na methali ya kawia ufike zote zilikuwa kichwani mwangu siku ile. Nilichagua ile iliyonipunguzia kazi.

Rolfe Johnson alifariki mwaka 2010, mwaka ule ule nilipostaafu. Miaka yake ya mwisho aliugua maradhi ya kusahau, yeye aliyezibeba sura mbili za Mathayo kwa sauti yake. Kaseti bado ninazo, ingawa mkanda umeanza kukwaruza. Nikifika pale pa jogoo, siku hizi sirudishi nyuma. Naacha ipite.

Kwa mwalimu kijana atakayesoma ukurasa huu nina ombi moja. Mtu mzima akija mlangoni na kofia mkononi kuomba kiti cha nyuma, usimhesabie miaka. Mwonyeshe kiti.