Amefariki Nani?

Desemba 2023, jikoni kwa mama, mtaa wa Makanyagio pale Mpanda, nilimwambia kwamba kesho alfajiri tunakwenda Tabora. Akaweka mwiko chini.

"Amefariki nani?"

Nikamwambia hajafa mtu. Tunakwenda kutembea tu, mimi na mume wangu, na rafiki yake wa tangu sekondari na mkewe. Tunalala siku moja, tunarudi. Mama akanitazama kama mtu anayefichwa jambo, kisha akashusha sauti: "Ni upande wa mumeo?"

Sikumlaumu. Safari ya ghafla kwetu Katavi tunaijua sana. Simu ikilia usiku kwamba kuna msiba Inyonga au Sumbawanga, nauli inachangwa papo hapo, jirani anachukua watoto, na saa 12 asubuhi watu wamo ndani ya basi na kanga zao kiunoni. Hakuna anayeuliza bajeti. Ila haraka hiyo imewekwa kwa ajili ya kifo na ugonjwa. Raha husubiri tumbaku iuzwe.

Bremen, ninakoishi, ni kinyume chake. Maziko yanaweza kungoja wiki mbili mpaka tarehe ipatikane. Matembezi ndiyo yanayoweza kuzuka, japo nayo kwa kubahatisha, maana Mjerumani anayekualika chai anakupa tarehe ya mwezi ujao. Mwaka huo huo, Ijumaa moja jioni, mfanyakazi mwenzangu na mumewe walikuwa wameahirishiwa shughuli yao ya kesho yake. Wakatupigia: Hamburg? Dakika kumi baadaye tiketi ilikuwa kwenye simu. Ni ile tiketi ya jimbo la Niedersachsen, ya treni za kawaida, inayofika Bremen na Hamburg, na inabeba hadi watu watano kwa siku nzima. Sisi tulikuwa wanne. Nafasi ya tano ilikwenda na kurudi tupu, na mpaka leo sijaweza kumsimulia mama hilo.

Safari yenyewe ni kama saa moja na ushee. Tukatembea bandarini, tukala samaki ndani ya mkate, mhudumu akauliza swali la kila siku la Ujerumani: mnalipa pamoja, au kila mtu chake? Kila mtu chake. Usiku tukawa nyumbani. Jumapili ujumbe ukaingia, wa upole kabisa, kwamba kahawa yangu aliyoilipia mwenzangu ilikuwa yuro 3 na senti 40. Nikatuma. Hapo hesabu ikafungwa, na sote tukabaki huru.

Sasa turudi jikoni kwa mama.

Tiketi haikutusumbua. Yule rafiki wa mume wangu, ninayemwita shemeji, alipita stendi jioni, akakata nne. Barabara ya Tabora kupitia Inyonga na Koga sasa ni lami, kilomita 340 na kitu. Nilipokuwa mtoto masika ikichachamaa tegemeo lilikuwa treni ya Kaliua, reli ambayo Waingereza waliileta Mpanda wakifuata madini ya risasi, si wakitufuata sisi. Kilichochukua muda ni kuaga. Ilibidi niage kwa baba mkubwa, la sivyo angesikia kwa watu. Niage kwa jirani wa kulia, na kwa sababu nimeaga kulia, niage na kushoto. Niage kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwani sala ya wiki ile ilikuwa kwetu. Kila mlango ulikuwa na swali lilelile la mama, na kila mlango, ulipokwisha kuridhika kwamba hajafa mtu, ulikuwa na mzigo.

Mzigo wa mama ulikuwa dumu la lita tano la asali ya Inyonga, nimpelekee shangazi Tabora. Asali, kupelekwa Tabora! Nikasema huko wanayo. Mama akasema wanayo, ndiyo, lakini si hii.

Na baba mkubwa alikuwa na mjukuu wa kufikishwa kwa mama yake. Kwa hiyo tulikuwa watano.

Tulikuwa tumekusudia kulala hotelini, ile ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, karibu na stesheni. Nilitaka kuwatumia picha wale wenzetu wa Bremen. Shangazi aliposikia neno hoteli alinyamaza muda mrefu kwenye simu hata nikadhani mtandao umekata. Tukalala kwake. Wanawake na mtoto chumbani, wanaume sebuleni kwenye godoro. Matembezi ya watu na wenzi wao hayo! Lakini usiku ule mimi na mke wa shemeji tuliongea mpaka majogoo, na nilijua kuhusu ndoa yake mambo ambayo miaka sita ya kahawa na yule mwenzangu wa kazini haijanipa kuhusu yake. Bado sijui kama nalitaka hilo kila wikiendi.

Asubuhi tulikwenda Kwihara kuona tembe la Livingstone. Shangazi alikuja nasi. Miaka yote aliyokaa Tabora alikuwa hajawahi kufika. Stanley alimwacha Livingstone hapo Machi 1872, na mzee akangoja wapagazi na mali hadi Agosti ndipo akaondoka. Shemeji akasema huyo naye alikuwa anaaga.

Nauli alilipa shemeji, chakula mume wangu, na hakuna aliyeandika. Mwaka uliofuata ukaja ujumbe wa sauti wa shemeji: kijana wao amechaguliwa kidato cha tano, mambo ni mengi. Tulituma bila kujadiliana. Ni kiasi gani cha zile tiketi kilikuwa ndani yake, sijui, na nikikaa kupiga hesabu nitakuwa nimeshakuwa mtu wa Bremen.

Mwaka jana tulikwenda tena Hamburg na wale wale. Nikishuka ngazi nikagonga kwa bibi wa ghorofa ya chini, nikamwambia tunatoka, tutarudi saa nne usiku. Akaitikia vizuri, akabaki ameshika mlango, akingoja niseme nilichokuja kuomba.