Kariakoo Kutafuta Monita

Nilitoka Morogoro Jumamosi alfajiri na shilingi 300,000, akiba ya miezi mitano ya kufundisha tuisheni. Mama alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye leso. "Kariakoo usishangaeshangae, mwanangu."

Nyumbani mimi na mdogo wangu tulikuwa tunacheza mpira wa kompyuta kwenye kioo cha mraba cha inchi 17, kilichostaafu ofisini. Mtu akipiga shuti, mpira ulikuwa unaburuta mkia wa ukungu, na ukija kuuona tayari umo wavuni.

Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kupanda treni ya SGR. Milima ya Uluguru ikabaki nyuma, nguzo za umeme kando ya reli zikapita kasi hata jicho likashindwa kuzishika mojamoja. Nikawa nazitazama huku nauwaza ule mpira wetu. Ngerengere, Ruvu, Soga, Pugu, mara tumeingia Dar. Nikitoa nauli ya kwenda na kurudi, 13,000 kila safari, mfuko ulikuwa na 274,000.

Kwetu ukipotea karibu na soko la Chifu Kingalu unainua macho, unaitafuta milima, unajua ulipo. Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, niliinua macho nikakuta maghorofa, mabango na nyaya. Nikasimama kando ya ukuta kwanza, mkono kwenye leso, mpaka pumzi ikatulia.

Duka la kwanza monita mpya ya Hz 165 ilikuwa 420,000. Nikaaga. La pili zilikuwa zimepangwa kama matofali, zote mitumba, na kijana akanihakikishia kila moja ni ya gemu. Nikaomba iwashwe. Kwenye mipangilio ya kompyuta ikaishia Hz 60, yaani picha hubadilika mara 60 tu kwa sekunde. Ilikuwa pana na inang'aa, na kidogo inishawishi.

Duka la tatu nilimkuta mzee wa makamo. Nilimwamkia, na swali lake la kwanza halikuwa la pesa.

"Mashine yako ina kadi gani ya picha, mwanangu?"

"GTX 1650, mzee."

"Basi achana na 4K. Ile ina vidoti mara nne ya 1080, kadi yako itahema. Chukua 1080, inchi 24, pesa iliyobaki uitie kwenye Hz."

Kwa maneno hayo tu nilimwamini. Akanitolea moja, nyuma imeandikwa 144. Akajaza kioo rangi nyeupe tupu, akanisogezea kiti: "Chagua mawe." Nikaelewa papo hapo. Niliinama kama mama anavyoinamia ungo wa mchele, kona hadi kona, na chini kulia nikakipata kidoti kimoja cheusi kisichowaka. Nikasimama ubavuni: rangi zikapauka kama khanga iliyosahauliwa juani wiki nzima. Mzee hakuficha. Paneli ni TN, akasema, ina kasi ila inataka uitazame uso kwa uso.

Nikafungua mipangilio. Ikaishia 60! Moyo ukanishuka. Mzee akachomoa waya wa HDMI, akachomeka wa DisplayPort. "Hizi za zamani, mlango wa HDMI mara nyingi haufiki mbali." Ikatokea 144. Nikauzungusha mshale wa kipanya. Awali ulikuwa unarukaruka kama mtu anayevuka mto kwa mawe, sasa ulitiririka. Nilizungusha tena, na tena, na wateja waliokuwa nyuma yangu wakanisubiri.

Alitaka 280,000. Nikamwonyesha kidoti, nikamkumbusha zile rangi zilizopauka. Tukakutana kwenye 245,000, na waya akaniongezea. Naamini ule waya ndio uliokuwa na thamani kuliko punguzo lenyewe.

Nilirudi nimeipakata kama mtoto mchanga, nimeifunika kwa shuka. Usiku tukaiwasha, kompyuta ikaanza na 60, nikaipandisha mwenyewe hadi 144. Mdogo wangu akapiga shuti kutoka katikati. Tuliuona mpira ukizunguka angani, pande zake nyeusi na nyeupe zikibadilishana, mpaka ukagonga mwamba. Mama alikuwa mlangoni na bakuli la mboga, amesahau kulitua.

"Hebu rudia," akasema.