Muhuri wa Shaba Katika Soko la Istanbul

Mji wa Istanbul una soko kubwa lililoezekwa lote, ambalo Waturuki huliita Kapalıçarşı. Aliyeliasisi ni Sultani Muhammad al-Fatih, baada ya kuufungua mji huo mwaka 1453. Katikati yake lipo jumba la zamani lenye kuba zilizopangana, ndimo viuzwamo vitu vya kale, na vile vinavyodaiwa kuwa vya kale. Humo tuliingia tukiwa safarini kurejea kutoka Umra, na humo kijana mmoja katika wenzetu akaona, baina ya vitasa na vijiko vikuukuu, muhuri wa shaba wa duara wenye maneno "Muhammad Rasulu Llah" kwa mistari mitatu. Mwenye duka akasema ni wa miaka mia tisa. Bei aliyoitaja ilikaribia fedha zote alizobakiwa nazo kijana yule.

"Maalim, tusiuache," akatunong'oneza.

Yafaa msomaji akumbuke asili ya jambo hili. Mtume (S.A.W.) alipokusudia kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba hawaukubali waraka usio na muhuri, akafanyiwa pete ya fedha yenye maneno hayo. Baada yake waliivaa Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, na katika zama za Uthman ikatumbukia katika kisima cha Aris, huko Quba. Ikatafutwa siku tatu, maji yakatekwa, isionekane. Basi mihuri ya namna hii iliyoko masokoni ni nakala, na umbo lake la duara limeigwa katika waraka unaosemwa ni ule aliopelekewa Muqawqis wa Misri, uliohifadhiwa Topkapi, katika mji huo huo wa Istanbul. Lililobaki ni kujua nakala ya lini, na ya thamani gani.

Tuliomba kuushika. Muhuri wa kupigia waraka huchongwa kinyume, ili ukigandamizwa juu ya nta maandishi yatoke sawa. Huu ulisomeka sawasawa machoni. Hatukupenda kuligandamiza jina hilo tukufu katika sabuni au udongo, kwa hiyo tukaazima kioo. Humo herufi zikaonekana zimepinduka. Ukingoni palikuwa na mshono mwembamba wa kalibu, na ndani ya herufi vishimo vidogo vya hewa, ambavyo patasi ya mchongaji haiviachi. Ule weusi wa "ukale" ulikuwa rangi tu, umeenea sawa kila pahali, hata kwenye kishikio ambacho mikono ingalikwisha kukisugua.

Tukamkumbusha tena mwenye duka kwamba sheria ya Uturuki ya mwaka 1983 inakataza vitu vya kale kutolewa nchini; ungalikuwa wa miaka mia tisa, asingaliweza kumwuzia msafiri auchukue kwao. Akacheka, akashusha bei mpaka thamani ya shaba na ujira wa fundi. Hapo kijana akaununua kwa radhi, nasi tukaomba iandikwe katika risiti "nakala mpya", asije mjukuu wake akauuza kwa dai lile lile.