Kampuni, Wakili na Mhandisi

Nilipoanza kuchomelea pale Kibaigwa, kazi zilikuwa mageti na matela ya trekta. Soko la mahindi lilipopanuka, wakulima wakaanza kuniletea vipukuchuzi vilivyokatika meno. Humo ndimo nilimoiona kero: anayemaliza mahindi na kuhamia alizeti lazima afungue nati chungu nzima ili abadilishe wavu wa chini. Nikabuni reli mbili na kitasa cha kuvuta kwa mkono, wavu ukawa unatoka kama droo. Niliijaribu mashine shambani kwa shemeji, mbali na barabara. Alivyoona ilivyopiga kazi, akaniambia niipeleke mjini nikatajirike.

Mjini nilianzia kwenye kampuni iliyojinadi kuwasaidia wabunifu. Ofisi ya vioo, kahawa, na kijana aliyeniita mkurugenzi kabla sijakaa. Walitaka ada yote ilipwe mwanzoni, na juu yake nusu ya mapato. Mhadhiri mmoja kwenye semina ya SIDO alishatueleza kwamba Marekani ina sheria ya mwaka 1999 inayowalazimu madalali wa uvumbuzi kumwambia mteja kwa maandishi, kabla ya mkataba, ni wateja wao wangapi wamepata faida. Sheria hiyo haifiki Dodoma, ila swali lake linafika. Nikamuuliza kijana. Akasema taarifa za wateja ni siri. Majina sikuyataka, nilitaka idadi tu. Nikamalizia kahawa yangu, maana ilikuwa nzuri, nikaaga.

Wakili niliyemchagua baadaye alikuwa mama mkavu wa maneno. "Mzee wangu, nitakuandikia maombi. Soko sikutafutii, na kwamba hataza itatoka sikuahidi." Hapo hapo nikajua nimefika. Alipekua kumbukumbu za hataza za zamani akakuta mashine za kupukuchua mazao mbalimbali ziko dunia nzima. Kilichobaki kuwa changu ni zile reli na kitasa. Nikanung'unika kwamba amenikatia mashine vipande. Akanieleza kwa subira kwamba dai pana huanguka pingamizi la kwanza likija, na dai jembamba linaweza kusimama. Akanionya pia nisithubutu kuipeleka Nane Nane pale Nzuguni kabla maombi hayajapokelewa BRELA, kwa kuwa kilichoonyeshwa hadharani kinaweza kupoteza sifa ya kuwa kipya. Yeyote aliyelazimika kuiona alisaini kwanza karatasi ya kutunza siri, shemeji akiwemo. Alicheka, akasaini.

Hataza ya BRELA inalinda Tanzania Bara. Zanzibar ina usajili wake, na anayetaka nchi jirani anaweza kupitia ARIPO kule Harare, ombi moja likataja nchi kadhaa, kila moja na ada yake. Wanunuzi wangu wako Kongwa, Gairo na Kiteto. Nikalipia Bara basi.

Lakini ukiniuliza nani aliyeifikisha mashine sokoni, nitamtaja mhandisi mstaafu wa kiwandani. Aliniambia nitengeneze ya pili, kisha akachomoa wavu wa hii akaupachika kwenye ile. Haukuingia. Sisi mafundi wa chaki na jicho kila mashine tunaizaa peke yake. Akachora kila kipande, na pembeni ya kila kipimo akaandika milimita inayovumilika. Halafu tukatengeneza jigi ya kushikia reli wakati wa kuchomelea. Tangu hapo niliweza kuzipa karakana nyingine kazi, na vyuma vikirudi vinakaa mahali pake. Nilimlipa kwa mchoro, mchoro ukikamilika. Hisa nilizompa alizikataa, akisema umri wake unataka fedha taslimu.

Wa kuuza nilimpata hapa hapa, mwenye duka la zana za kilimo, kwa kamisheni ya kila mashine inayotoka. Alitaka awe muuzaji pekee kila mahali. Wakili akayafuta maneno "kila mahali", akaandika Kongwa na Gairo, kwa mwaka mmoja, na idadi ambayo asipoifikisha upekee unakwisha. Kiteto nikabaki nayo mwenyewe. Vipuri navyo, popote mashine ilipo, vinatoka kwangu. Huko kwenye vipuri ndiko kwenye hela, na mwenye duka ameshalitambua hilo. Ameniletea ujumbe mara kadhaa kwamba tukae upya.